Havuki Mtu Amekaa

Katika Kibiti nzima palikuwa na chumba kimoja tu cha gemu ambamo mteja alitakiwa avue viatu, ajifunge kamba mkononi na apande mtumbwi ndipo aruhusiwe kucheza. Mwenye chumba hicho tulimwita Nahodha. Kilikuwa nyuma ya nyumba yake, uchochoro wa tatu kutoka sokoni, chenye madirisha mawili na televisheni mbili, na ukutani kwa nje aliandika kwa chokaa GEMU ZA KUSIMAMA. Mgeni mmoja alidhani ni mafunzo ya mgambo akapita haraka.

Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na nilimjua kwa miaka ya kutosha kumpenda na kumkasirikia. Baina yetu palikuwa na jambo moja lililogoma kuisha: jina langu halikuwa kwenye ubao wake wa washindi, na lilistahili kuwapo. Nitalifikia. Kwanza nimweleze yeye, maana bila kumjua mtadhani nilikuwa nagombania kitu cha kitoto.

Unahodha wake ulikuwa wa heshima tu. Kabla ya daraja kujengwa pale Ndundu, magari yote ya kwenda kusini yalivuka Mto Rufiji kwa pantoni, na yeye alifanya kazi kwenye pantoni hiyo, lakini usukani hakuushika hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kupanga magari. Alisimama uso kwa uso na lori lililosheheni korosho, akanyoosha mikono na kuliita. Leta. Leta. Kata kulia. Rudisha kidogo. Leta, leta, hapo. Funga breki. Lori likasimama kiganja kimoja kutoka kwenye maji. Alipenda kusema kwamba ameendesha malori mengi kuliko dereva yeyote wa barabara ya kusini, na hakuna hata moja aliloligusa.

Daraja lilipofunguliwa watu walishangilia, na yeye alishangilia, maana hakuwa mtu wa kuchukia daraja. Kisha akarudi nyumbani na mikono miwili isiyo na lori la kuita. Mkewe alitusimulia kwamba miezi ya mwanzo alipanga vitu vya ndani. Alisimama mlangoni, mkewe anakuja na ndoo kichwani, naye anampungia: leta, leta, kata kushoto, hapo.

"Nikamwambia, baba watoto, mie si fuso," alisema mkewe.

Alichoondoka nacho kazini ni ubao mmoja mrefu. Yeye alisema alipewa. Mkewe alisema hakupewa. Ubao huo ulikuwa na maneno ya rangi nyekundu, ABIRIA WOTE WASHUKE, na ndiyo ilikuwa sheria ya pantoni: gari likishapanda, waliomo wanashuka na kuvuka wamesimama kwa miguu yao. Siku moja mwenye pikapu alikataa kushuka kwa sababu ya jua. Hendibreki hakuifunga. Katikati ya mto pikapu ikaanza kurudi nyuma polepole, mwenyewe ndani anatafuna muwa, mpaka watu walipoizuia kwa mabega. Kilichokwenda na maji ni tenga moja la kuku. Nahodha aliisimulia habari hiyo karibu kila wiki, na kuku waliongezeka kila aliposimulia, lakini mwisho wake haukubadilika.

"Havuki mtu amekaa," alimalizia, akatutazama mmoja mmoja kama kwamba muwa ule tuliutafuna sisi.

Mashine ililetwa na binti yake mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam nyumbani kwa wageni wa kutoka ng'ambo. Wageni walihama wakamwachia. Haikuwa na pedi kama zile tulizozizoea, za kushika kwa mikono miwili na kubonyeza kwa vidole gumba. Ilikuwa na vijiti vyeupe vya plastiki. Unashika kijiti, unakipunga, na mtu wa ndani ya televisheni anafanya ulichofanya. Ukipunga kama mpiga tenisi, anapiga tenisi. Ukirusha, anarusha. Binti alipomwonyesha, Nahodha alinyoosha mkono, akaukata kulia, na kitu kwenye televisheni kikaenda kulia. Akaukata kushoto, kikaenda kushoto. Mkewe anasema alirudia hivyo mpaka chai ikapoa.

Kisha akasema, "Kumbe wameniiga."

Hivyo ndivyo alivyofungua chumba. Ubao wa pantoni aliupigilia ukutani, na chini ya maneno yale mekundu akawa anaandika kwa chaki majina ya walioshinda. Kichwa cha orodha kilikuwa WALIOVUKA. Kuandikwa pale ilikuwa kitu kikubwa mtaani kwetu. Mwenye duka la nguo aliandikwa kwa tenisi, akawapa wateja soda siku nzima. Mwalimu wangu wa hisabati aliandikwa kwa ngumi, tukaanza kumsikiliza darasani.

Biashara ilimlazimu awe na televisheni ya pili, yenye mashine ya pedi, maana vijana wa Kibiti hawaingii chumba kisicho na mpira. Aliiweka kwenye kona ya nyuma, akapanga viti vinne, na kona hiyo akaiita Wodi. "Leo wodini kuna wagonjwa sita, wawili wanalala kitanda kimoja," alimwambia mkewe kwa sauti. Mmoja wao akiinuka kuja kujaribu kijiti, Nahodha alipiga makofi na kutangaza, "Huyu karuhusiwa!" Na ushindi wa wodini hauandikwi. Hata ungefunga mabao kumi, umefunga umekaa.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Shomari, kijana wa bodaboda mwenye vidole vyepesi kuliko mshona cherehani. Shomari alicheza pedi ameegemea ukuta, macho nusu yamefumba, na hakuna aliyemfunga.

"Babu, gemu ni akili na vidole," alimwambia Nahodha. "Hayo ya kurukaruka ni mazoezi ya asubuhi."

"Weye pikipiki unaendesha na nini?"

"Na mikono."

"Kwenye kona?"

"Kwenye kona nalala nayo."

"Unalala nayo na nini? Na kidole?"

Shomari akacheka, akadhani yameisha. Hayakuisha. Nahodha alisimamisha shughuli zote, akamwekea Shomari gemu ya mbio za magari kwenye mashine ya pedi, akatuita tuje tutazame. Kona ya kwanza ilipofika, Shomari alilalia kulia mwili mzima, pedi juu, bega karibu linagusa sakafu. Kona ya pili akalalia kushoto akamkandamiza jirani yake.

"Mwangalieni!" Nahodha alipiga kelele. "Pedi haina habari kama umelala! Sasa unamlalia nani?"

Shomari alijitahidi kukaa wima kona iliyofuata, akagonga ukuta. Mimi tangu siku ile nimewatazama watu wengi wakicheza pedi, na sijaona hata mmoja anayekaa wima kwenye kona. Kwa hilo Nahodha alikuwa na haki kabisa, na aliitumia haki hiyo kwa miezi.

Ila na yeye alipatikana. Sheria ya kwanza ya chumba ilikuwa kufunga ile kamba ya kijiti mkononi, na aliyeisahau alikemewa kama mwizi. Siku moja alikuja mzazi wa wateja kuona watoto wake wanapotelea wapi mchana, Nahodha akataka kumwonyesha tenisi. Kwa haraka hakujifunga. Alipiga mpira mmoja wa nguvu, kijiti kikamtoka, kikapita dirishani, kikazama kwenye beseni la unga wa vitumbua ambalo mkewe alikuwa akilikoroga uani. Mkewe alikivua, akakipangusa kwa kanga, akakirudisha kupitia dirisha lilelile.

"Samaki wako huyu," alisema.

"Babu," Shomari akaita kutoka wodini, "pedi yangu ina waya."

Mtu angedhani aliyehubiri kusimama hivi alikuwa mkakamavu. Wapi. Nahodha alikuwa mvivu wa kutupwa. Msikiti ulikuwa karibu kiasi kwamba adhana ilimwamsha bila kipaza sauti, lakini alikwenda kwa bodaboda, na mwenye bodaboda ni huyohuyo Shomari. Maji ya kuoga alipelekewa. Alitusimamia kwa saa nzima tukitoka jasho, na yeye amekaa kwenye kiti cha kamba, miguu juu ya kreti. Nilipomuuliza alijibu kwamba mpanga magari havuki, yeye anavusha. Jibu hilo lilikuwa kinyume na historia yote ya pantoni, lakini alilitoa kwa uso mkavu hata nikaona aibu kumbishia.

Na siri yake nyingine naitoa leo, aniwie radhi. Mchana mmoja baada ya adhuhuri, chumba kimefungwa, nilisikia kelele za mpira ndani. Nikachungulia. Nahodha alikuwa wodini peke yake, pedi mkononi, anacheza. Vidole gumba vyake vilikuwa vipana, kila alipobonyeza kitufe kimoja alibonyeza viwili, na golikipa wake alikuwa ametoka golini yuko karibu na katikati ya uwanja. Alikuwa akimwelekeza kwa mdomo: "Rudi! Kata kushoto! Leta, leta!" Halafu akasimama, akainua pedi juu ya kichwa na kuikata kulia kama anaita lori. Bao likaingia. Lilikuwa la kujifunga, tena si la kwanza. Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Aligeuka akaniona, tukatazamana.

"Umeona nini?" akauliza.

"Sijaona kitu, babu."

"Njoo ucheze zamu mbili bure," akasema, na tangu hapo hatukulitaja tena.

Sasa nifike kwenye mtumbwi. Miongoni mwa gemu za vijiti kulikuwa na mashindano ya mitumbwi, na hiyo ndiyo aliyoiheshimu kuliko zote. Tenisi aliiona mchezo. Mtumbwi kwake ulikuwa jambo la watu, maana watu wake walikuwa wa visiwa vya delta, wakata mikoko, ambao kafi, yaani kasia fupi la mkononi, wanaanza kuishika kabla ya kijiko. Alipata mtumbwi mbovu wa marehemu kaka yake, akaukata katikati, akaleta kipande cha tezi, yaani cha nyuma, na kukilaza mbele ya televisheni. Mchezaji wa mashindano hayo alisimama humo ndani. Kijiti alikiita kafi, na mtu akikiita rimoti hamsikii.

Ikatokea jamaa zake watatu wakaja kutoka huko visiwani kumuuguza ndugu yao aliyelazwa hospitali ya Mchukwi, wakafikia kwake. Wazee watatu wembamba, mikono kama kamba za nanga. Nahodha hakulala kwa furaha. Siku ya pili alitangaza mtaa mzima kwamba jioni watu waje waone kafi inavyopigwa na wenyewe. Chumba kilijaa mpaka madirishani. Hata wodi ilisimama.

Mzee wa kwanza alipanda mtumbwi, akajifunga kamba, akakitazama kile kijito kwenye televisheni kwa makini. Kisha akauliza, "Maji haya yanajaa au yanakupwa?"

Nahodha alitutazama sisi, sisi tukamtazama Shomari.

"Yapo tu, mzee," Shomari alisema.

"Maji hayawi yapo tu," mzee akamjibu, na akashuka.

Ilibidi wakae kikao. Wazee watatu walisogea karibu na televisheni, wakachunguza nyasi za ukingoni na rangi ya matope. Baada ya mabishano marefu ya Kindengereko waliafikiana kwamba maji yanakupwa, kwa hiyo mtu asikae katikati, ashike upande wa ndani wa kona. Ndipo mzee akapanda tena.

Sijapata kuona kitu kizuri kama kile kwenye nchi kavu. Alipeleka kafi mbele, akaivuta kwa mgongo mzima, mwishoni akaipinda kidogo kuunyoosha mtumbwi, akaiinua na kungoja mtumbwi uteleze. Hata mtumbwi ule mbovu ulionekana kuelea. Lakini ndani ya televisheni chombo chake kilisogea hatua moja kikasimama, kikasogea tena kikasimama, na mitumbwi mitatu ya mashine ikampita na kupotea. Mashine haikujua kuteleza wala kupinda. Ilikuwa inahesabu mitikisiko tu. Mzee wa pili naye akawa wa mwisho, tena alizunguka mara mbili. Wa tatu alipokaribia ukingo alinyoosha mguu ausukume mzizi wa mkoko, akaisukuma televisheni, Shomari akaidaka. Watu walicheka sana. Wazee nao walicheka, kwa adabu. Nahodha hakucheka.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nimetoka jikoni kwetu, nimechoka, na zamu yangu ilipoitwa sikusimama. Nilikaa kwenye ukingo wa mtumbwi, mguu mmoja nje, nikashika kijiti na kukitikisa kwa kifundo cha mkono tu, harakaharaka, kama ninavyopepea jiko la mkaa kila siku ya Mungu. Mtumbwi wangu uliondoka kama umefukuzwa na kiboko. Niliipita ya mashine yote mitatu. Nilimaliza kabla watu hawajaelewa nimeanza, na kwenye televisheni yakatokea maandishi kwamba nimeivunja rekodi, na rekodi yenyewe ilikuwa ya Nahodha.

Watu wakaitazama televisheni, kisha wakanitazama mimi.

"Mtoto huyu kapiga kafi gani?" aliuliza mzee wa kwanza.

"Hajapiga kafi," Nahodha alisema. "Kapepea jiko."

Nikasimama, nikanyoosha mkono aniandike. Chaki alikuwa nayo vidoleni.

"Hajavuka," akasema, hakuniambia mimi, aliuambia ubao. "Kwanza alikaa. Pili ile si kafi."

"Mashine imesema nimeshinda, babu."

"Mashine imedanganywa."

"Kama inadanganyika, wewe unajuaje kwamba hukuidanganya siku zote?"

Aliitia chaki mfukoni, na watu wakatawanyika. Nilikwenda nyumbani nikalia kwa hasira, nikamwambia mama kwamba yule mzee ni dhalimu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa alikuwa akimtazama nani wakati ule. Alikuwa akiwatazama wale wazee watatu. Kuniandika mimi mbele yao kungekuwa kuwaambia kwamba kila walichokijua kwa migongo yao hakifiki thamani ya kupepea mkaa, na kwamba hata mikono yake yeye, iliyovusha malori yote yale, haikuwa na maana. Hakuweza. Lakini kuelewa hakukuniondolea hasira, maana kushinda nilishinda.

Ikawa ndiyo salamu yetu. Nikipita asubuhi na sare za shule: "Shikamoo babu. Jina langu?" Naye: "Marahaba. Simama kwanza." Nilijaribu kila namna. Nilisimama na kupiga kafi kama wale wazee, nikawa wa mwisho. Nilisimama na kutikisa kifundo, nikashinda, akakataa. "Umesimama," alisema, "lakini mkono umekaa." Mkewe alinitetea waziwazi. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi zetu wanavyotutania, na kila akiniona aliuliza kwa sauti ya kusikika ndani, "Mume wetu kakuandika? Bado? Basi leo hali chakula."

Lakini alikula.

Siku nilipokwenda chuo cha ualimu, basi lilikuja kunichukua stendi ya Kibiti na yeye akaja, kwa bodaboda bila shaka. Sikutegemea. Hakuniaga kwa maneno mengi. Basi lilipotaka kurudi nyuma litoke, alikwenda akasimama nyuma yake bila kuombwa na mtu, akanyoosha mikono. Leta. Leta. Kata kulia. Dereva alikuwa akimtazama kwenye kioo na kujiuliza huyu ni nani, lakini alimfuata. Nilimwona dirishani, mikono juu, imenyooka, haitikisiki hata chembe, na nilimpenda sana wakati ule. Hata hivyo niliendelea kumdai jina langu.

Nilipangiwa kufundisha Mbwara, na ikapita miaka bila kuonana naye vizuri. Mwaka jana, shule zilipofungwa, nilikwenda kwao. Mkewe alikuwa uani. Hakunitania. Alinishika mkono akasema, "Kaingie umwone mumeo, mke mwenzangu. Siku hizi anaukalia mkono."

Chumba cha gemu kilikuwa kimefungwa kwa wateja. Vijana wanacheza kwenye simu, Shomari ana pikipiki tatu na kitambi, na televisheni ya wodini iliuzwa. Ubao ulikuwepo, chaki imefifia. Ndani ya nusu mtumbwi kuku alikuwa ameatamia. Nahodha alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, amepungua, mkono wa kulia ameuingiza chini ya paja.

"Shikamoo babu. Jina langu?"

"Marahaba," akasema. Nikangoja aniambie nisimame kwanza. Hakusema. Hapo ndipo nilipoogopa.

Baadaye aliutoa mkono mwenyewe akanionyesha. Ulikuwa ukitetemeka, mdundo mmoja, bila kupumzika. Alisema Mchukwi walimpa vidonge, vinamsaidia asubuhi, jioni mkono unaanza tena safari zake. Hapendi kutoka. Msikitini watu wanautazama.

"Lori ningeliita leo," alisema, "lingekuwa mtoni na kuku wote."

Nikamwambia tucheze mtumbwi.

"Kwa miguu ipi?" aliuliza. Akanyoosha kidevu kuuelekea ubao, ABIRIA WOTE WASHUKE.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Pameandikwa abiria," alisema. "Nahodha anashuka lini?"

Alimwondoa kuku, akapangusa, akaweka kigoda ndani ya mtumbwi. Tukamkalisha. Mashine ilikuwa imefunikwa kanga, na ilipowashwa ilinguruma kidogo kisha ikakubali. Nilimfunga kamba mimi mwenyewe, mkono wa kulia, kwa kuwa sheria ni sheria. Mimi nikasimama pembeni na kijiti changu, nikaapa moyoni kwamba sitamwachia, maana angejua.

Kipenga kililia. Kabla sijainua mkono, mtumbwi wake ulikuwa umeondoka.

"Sijafanya kitu!" Nahodha alipiga kelele.

"Tulia, babu!"

"Nimetulia! Ndiyo huku kutulia kwangu!"

Mkono wake ulikuwa pajani, haufanyi lolote ila kutetemeka, na mashine ilikuwa ikihesabu kila tetemeko kuwa kafi. Mtumbwi uliruka. Niliupepea mkaa wote wa ujana wangu na sikumwona hata mgongo. Alipita kona ya kwanza akigonga mikoko bila kujali maji yanajaa au yanakupwa, akamaliza, na televisheni ikatangaza rekodi mpya. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa yangu.

Mkewe alikaa chini sakafuni kwa kucheka. Nahodha aliutazama mkono wake kwa muda, ule mkono aliokuwa akiukalia, kisha naye akaanza, kidogokidogo, mpaka akacheka machozi yakamtoka, na mtumbwi kwenye televisheni ukawa unaendelea kutikisika peke yake pale mwisho wa mbio. Nilichukua kipande cha chaki kwenye dirisha, nikaenda ubaoni kumwandika.

"Ngoja," akasema.

Nikageuka. Alikuwa ameacha kucheka.

"Nimesimama, mie?"

"Umekaa, babu."

"Na ile ilikuwa kafi?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. "Hapana, babu. Haikuwa kafi."

"Lakini nimevuka."

"Umevuka."

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi kuna mtu alitangulia kwenye foleni nikamruka," alisema. "Wale wazee watanisamehe. Andika la kwako kwanza. Langu liwe nyuma yake."

Nimekuwa mwalimu miaka kadhaa, naandika ubaoni kila siku, lakini siku ile sikuweza kunyoosha mstari. Mwanahawa ni jina refu, na macho yangu yalikuwa yamejaa maji, herufi zikaanza kuteremka upande.

"Unazamisha," Nahodha akasema nyuma yangu.

Nikatazama. Alikuwa ameinua mikono yote miwili, kijiti bado kinaning'inia kwa kamba yake, na ule wa kulia ulikuwa ukicheza hewani kushoto na kulia hata mtu asijue aufuate upande upi. Niliufuata hivyohivyo.

"Leta," akasema. "Leta. Pandisha kidogo. Kata kulia. Leta, leta, leta..."

Niliandika herufi ya mwisho.

"Hapo," akasema. "Funga breki."